Vizibo Viwili

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na jina hilo alilipata kwa haki. Seremala yule hakuwahi kulikubali neno "kama" kwenye kipimo. Ukimwambia mlango uwe na upana wa kama futi tatu, angekukodolea macho, kisha angechomoa futi yake mfukoni na kwenda kupima mwenyewe.

Binti yake wa pekee alipoolewa na mtafiti wa miamba, mtu aliyezoea kulala porini, na wawili hao wakanunua lori kuukuu la jeshi waligeuze nyumba ya kusafiria, haikutafutwa mikono mingine. Miezi saba Milimita alijifungia karakanani na lori lile. Alitia kitanda cha kukunjwa, meza ya mninga, jiko lenye droo zisizofunguka hata gari likiruka mtaro, bafu la maji moto, mpaka kijikabati cha viatu. Kuta alizishindilia sufi zisipitishe baridi wala kelele, na milango akaivisha mipira kama ya friji.

"Humu hata vumbi litabisha hodi," alijitapa siku ya kulikabidhi.

Mkwe alicheka, akampa mikono yote miwili. Binti, mwenye mimba ya miezi mitano, alitoka chozi la furaha. Wakaondoka wakipiga honi, na baba mtu akasimama barabarani kifua mbele mpaka mkewe akamwambia aingie ndani, jua linamchoma bure.

Siku ya tatu asubuhi, alipokuwa akipanga vyombo, aliteremsha kopo la maziwa ambamo huweka vitu vyake vidogo vya kazi. Ndani palipaswa kuwa na vizibo viwili vya mbao, mviringo, vya kuziba matundu ya hewa. Maana nyumba iliyobanwa namna ile hupumua kwa matundu tu: moja juu, moja chini. Aliyaziba kabla ya kazi ya rangi ili rangi inayopulizwa isirukie ndani. Vizibo alivichonga kwa mkono wake, akavipiga msasa mpaka vikalingana na ukuta, na juu ya kila kimoja akaandika kwa penseli: NITOE.

Kopo lilikuwa tupu. Alilipindua, akalitikisa, akaingiza na vidole, kana kwamba vizibo vya upana wa kiganja vingejificha kwenye pembe ya kopo.

Hapo ndipo simu ya jana jioni ilipomrudia. "Kichwa kinaniuma tangu nilipoamka, baba," binti alisema. "Huku kumeanza baridi, jana usiku tuliwasha hita kidogo. Nadhani ni huyu mtoto tu." Naye, kwa kinywa chake mwenyewe, alimcheka: "Mama yako naye alikuwa hivyohivyo. Kunywa maji, ulale." Kesho, binti akaongeza, wangeipita njia panda yenye zahanati na kupanda milimani, kule simu hazishiki.

Hita ile ilikuwa ya gesi. Hula hewa ileile wanayoivuta watu, na hewa ikipungua hutoa sumu isiyo na harufu. Milimita alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana aliyatoboa matundu.

Alipiga simu ya binti, haikupatikana. Ya mkwe, vilevile. Alikimbia pekupeku hadi kwa mpaka rangi, jirani mwenye maneno mengi kuliko brashi.

"Wewe! Uliona maandishi ukutani kwenye lile lori?"

"Niliona vijipenseli fulani," mpaka rangi alijibu, kikombe cha chai mkononi. "Nikajua ni hesabu zako zile zisizoisha. Nikapaka juu. Kwani vipi?"

Alipoelezwa, kikombe kilimponyoka. Hakuuliza la pili. Alichukua ufunguo wa pikapu yake, na Milimita akapanda na patasi, nyundo na futi, viatu akivivalia njiani.

Waliendesha kwa muda wa saa nne, na katika saa hizo mpaka rangi, mtu asiyenyamaza hata msibani, hakusema neno. Milimita alijipa moyo: mchana hawawashi hita, watawasha jioni, na jioni bado. Kisha mvua ikaanza, ukungu ukashuka, ubaridi ukapenya hadi mifupani, na ule moyo aliojipa ukamtoka wote. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe yumo mle ndani, hajaona hata jua.

Kwenye njia panda ya mwisho, mwenye kioski aliwaambia lori kubwa lilipita tangu asubuhi, likashika njia ya mgongoni mwa mlima. Njia yenyewe ilikuwa ya mawe na matope. Pikapu ilijitahidi, ikakoroma, ikazama hadi ekseli. Alama za matairi ya lori ziliendelea mbele bila wasiwasi. Lilinunuliwa kwa kazi hiyo hasa, kufika mahali ambapo mwingine hawezi kulifuata.

"Nenda," mpaka rangi alisema. "Mimi nitatafuta mawe ya kuitolea hii."

Milimita alipanda kwa miguu, na mtu wa miaka sitini na mbili hapandi mlima kwa kukimbia ila awe na sababu. Mapafu yalimwaka. Alianguka mara mbili. Kila alipoinama kushika magoti aliiona sura ya binti yake akiwa mdogo, ameketi juu ya vumbi la mbao akizungusha vizibo kama pia. Aliogopa kufika kuliko kutofika.

Lori lilisimama penye uwanda, limefungwa kila mahali, madirisha yamefanya mvuke. Alivuta mlango, umefungwa kwa ufunguo. Aligonga kwa ngumi. Akagonga kwa nyundo. Ukuta ulimjibu kwa kishindo kizito, kifupi, kile cha sufi aliyoishindilia mwenyewe. Alipiga vioo, navyo vilikuwa vya tabaka mbili. Aliita mpaka sauti ikakatika.

Basi apate tundu. Alipapasa ukuta kwa ncha za vidole, juu, chini, akarudia, asipate hata mshono. Kazi ilikuwa nzuri mno. Alijilaani kwa kila kipimo alichowahi kupatia.

Futi! Kutoka ukingo wa mlango, milimita mia nne na kumi na mbili. Kutoka chini, mia mbili na tisini. Aliweka alama kwa ukucha, akasimamisha patasi, akapiga, kizibo kikatumbukia ndani.

"Baba? Unafanya nini!"

Mkwe alikuwa ametoka kwenye ukungu na sepetu begani. Alikuwa mbele akisawazisha njia. Alimwona baba mkwe wake, mtu wa kumstahi, akilitoboa gari lake.

"Yuko wapi?"

"Amelala. Kichwa kilimzidi. Nikamwashia hita, nikafunga vizuri asipate..."

"Fungua!"

Sauti ile haikuhitaji maelezo. Mkwe alifungua, joto zito likawapiga usoni, wakambeba binti wakamlaza mvuani, kichwa kikimning'inia. Milimita alimpiga mashavu, akamwita mama, akamwita mwanangu, akamwita kwa lakabu za utotoni zilizosahaulika. Mvua ikamnyeshea usoni. Kisha akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

Walimshusha kwa lori lilelile, wakiwa wamefungua kila dirisha, wakaivuta na pikapu kwenye matope, hadi zahanati ya njia panda. Wakamvika kifaa cha oksijeni. Muuguzi alimwekea tumboni kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akahamisha, akahamisha tena.

"Anadunda," muuguzi alisema. "Tena kwa nguvu."

Mkwe alimwangukia Milimita miguuni. "Mungu ndiye aliyekuleta, baba. Ulijuaje?"

Mpaka rangi, mlangoni, aliinamisha kichwa. "Lile andiko nililifuta..."

"Nyamaza," Milimita alimkata. Angeweza kulishika hilo neno akajifichia humo. Lilikuwa linamtosha kabisa. "Hayakuletwa na Mungu, mkwe wangu, wala na rangi. Mimi niliziba matundu ya hewa, nikasahau kuyazibua, na leo nimeng'oa kizibo kimoja tu. Nimekuja kwa kuwa ni mimi."

Mkwe alibaki amepiga magoti, akimtazama, uso umemkauka.

Binti aliisogeza oksijeni kidogo. "Vilikuwa viwili, baba," alisema kwa taabu. "Nilikuona ukivichonga. Cha pili kiko wapi?"

"Bado kimo, mwanangu."

Mkwe aliinuka, akatoka nje. Milimita alimfuata mvuani, hadi ubavuni mwa lori, akitarajia kufukuzwa. Alichomoa futi, akainyoosha ukutani, lakini ile mikono ambayo miaka arobaini haikuwahi kukosea sasa ilitetemeka hata namba zikamruka. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu.

Mkwe akanyoosha mkono, akaishika ncha ya futi, akaikaza kwenye ukingo wa mlango.

"Ngapi?" aliuliza.