Friji Imeingia, Mwenye Nyumba Yuko Nje

Fundi seremala alikuwa ametengeneza milango ya nusu ya mtaa, na leo alikuwa amefungiwa nje akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Binti yake aliye ng'ambo alikuwa amejifungua alfajiri. Saa nne kamili angepiga simu ya video, dakika kumi tu, kisha ahamishiwe wodi isiyoruhusu simu. Ilikuwa saa nne kasoro tano, na simu mpya ya fundi bado ilikuwa inabisha hodi kwenye kisanduku cha waifai juu ya kabati.

"Nani?" kikauliza kisanduku.

"Mimi."

"Akina mimi wako wengi. Neno la siri unalo?"

"Ninalo. Ni—"

"Koma! Siri haitajwi. Iandikie simu yako. Mimi nitaipa namba, iichanganye na hilo neno, inirudishie. Nami nitaijibu vivyo hivyo, ijue haijabisha kwa mwizi."

Neno aliliweka binti siku anaondoka. "Baba, ni lile unaloniitia," alisema. Fundi akaandika: kipenzi changu. Halifanani. Malaika wangu. Halifanani.

"Na sasa unanichosha," kikasema kisanduku.

"Friji imeingia, mimi mwenye nyumba nakataliwa?"

"Friji inalijua neno."

Mtaka cha mvunguni huinama. Fundi akaenda jikoni, akapiga magoti mbele ya friji.

"Siri siitoi," ikanguruma friji. "Ila kipenzi? Malaika? Mzee wangu, nimekaa humu miaka sita, sijakusikia ukimwita hivyo hata siku moja."

Uso ukamshuka fundi. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu friji haikusema uongo.

"Akiniacha mlango wazi," ikaendelea kwa upole, "ulikuwa unapiga kelele gani?"

Fundi akaandika herufi moja moja: we mtoto.

"Karibu ndani," kikasema kisanduku.

Kati ya zile dakika kumi za simu zilibaki tatu. Binti akatokea, macho yamevimba, kifuani amekumbatia kifurushi cheupe. Fundi alikuwa ameandaa maneno matamu, lakini machozi yakamtangulia. Binti akamngoja, kisha akacheka, akakiinamia kile kifurushi.

"We mtoto," akasema, "amka umsalimie babu."