Upepo wa Asubuhi Ile

Tembo alisimama katikati ya mahindi, masikio kayatanua, na Zuleha akahisi mikono yake imesahau yote iliyofundishwa.

Yeye ndiye aliyehudhuria mafunzo ya kujihami na wanyama pale Mlali, mumewe Mikidadi akiwa safarini. Raphael, askari wa wanyamapori, aliipa kila kaya kopo la dawa ya pilipili. "Kwanza rudini nyuma taratibu," alisema. "Akizidi kuwafuata, pimeni upepo kabla ya kubonyeza. Ukikujia usoni, usipulize. Utajipofusha mwenyewe." Zuleha aliyarudia maneno hayo nyumbani hadi Mikidadi akamtania kwamba kumbe ameoa mwalimu.

Asubuhi hiyo upepo ulishuka kutoka milimani, kutoka upande wa tembo. Aliusikia shavuni. Mikidadi, hatua moja mbele yake, alinyoosha mkono kumkinga.

"Turudi nyuma, mama Furaha," alinong'ona. "Usikimbie."

Tembo akainua mguu. Zuleha akabonyeza.

Wingu jekundu lilitoka, likasita hewani, likawarudia. Mikidadi alipiga yowe, akashika macho, akapepesuka mbele badala ya nyuma. Zuleha naye hakuona kitu tena. Alisikia Mikidadi akimwita, halafu mabua yakivunjika, mengi kwa pamoja, kisha kukawa kimya.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Bi Nasra, mama wa marehemu, aliwaambia waombolezaji: "Mkwe wangu alipambana. Alimpulizia dawa yule mnyama, lakini siku za mwanangu zilikuwa zimefika."

Wanawake wakamshika Zuleha mikono, wakamwita jasiri. Kila sifa ilimchoma. Shahidi hakuwapo. Kunyamaza kungemhifadhia nyumba na mapenzi ya mkwewe, nusu ya alichobakiwa nacho duniani; nusu nyingine ilikuwa mtoto wake, Furaha.

Watu walipotawanyika, alipiga magoti kwenye jamvi.

"Mama, dawa haikumfikia tembo. Ilimfikia mwanao. Upepo niliujua, nikapuliza."

Bi Nasra alimtazama Zuleha macho yake, ambayo bado yalikuwa mekundu kwa pilipili. Hakulia. Alijivuta hadi ukutani, akamgeuzia mgongo, akaanza kuvuta tasbihi, punje moja moja.

"Alisema kitu?" aliuliza hatimaye.

"Alisema, 'Zuleha, uko wapi? Nipe mkono nikutoe.'"

Punje zikasimama.

"Rudia," alisema Bi Nasra, bila kugeuka.

Zuleha akarudia.