Hitilafu Ilikuwa Chini ya Nene

Pikipiki ya majini ya Nene Padi Tsagli iliishiwa nguvu katikati ya mto siku ya sikukuu, watu wote wa mji wa Dokukope wakiwa wamejipanga ukingoni na wapiga ngoma wameshainua magongo yao.

Haikuzimika. Ingezimika tungejua la kufanya. Ilikohoa, ikashusha pua, ikaanza kutambaa kama bata mgonjwa, na Nene juu yake amekaa wima na dhahabu zake zote, kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Mimi ndiye msemaji wake, jina langu Narteh. Nene, yaani chifu wetu, hazungumzi na watu hadharani. Huninong'oneza mimi, nami huyavisha maneno yake nguo ya heshima kabla hayajatoka nje, na anayetaka kumjibu hunijibu mimi. Baba yangu alifanya kazi hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba maneno yetu yalitoka uchi.

Kila mwaka Nene huvuka kutoka kisiwani hadi mjini kwa mtumbwi wa makafi manne. Mwaka huo alikataa. Mpwa wake aliyeko Hamburg alikuwa amemletea hiyo pikipiki ndani ya kontena, imebanwa katikati ya majokofu na magodoro ya mitumba. Ilikuwa nzee, rangi yake ya njano imepauka hadi kufanana na mafuta ya nguruwe, lakini Nene aliipenda kuliko binadamu wengi.

"Wazee walivuka kwa chombo chenye kasi kuliko vyote vya zamani zao," aliniambia. "Na mimi nitavuka kwa cha zamani zangu."

"Zamani zake zimeshapita hizo," alisema Dede aliposikia. Dede ni dada wa huyo mpwa wa Hamburg, fundi wa injini za boti pale kwenye gati la feri, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Nene aliagiza tumchukue kwenye mtumbwi wetu, tufuate nyuma pamoja na sanduku lake la spana, ikiwa litatokea la kutokea.

Sasa lilikuwa limetokea. Tukausogeza mtumbwi mpaka ukagusana na pikipiki.

"Mjomba!" Dede akapaza sauti. "Injini inapanda mlio bila kusukuma, au haipandi kabisa?"

Wapiga makafi wakainamisha vichwa kwa aibu. Nikagonga fimbo yangu kwenye ubao wa mtumbwi. "Binti, leo huna mjomba hapa. Swali lipitie kwangu."

"Ee Mungu wangu. Haya, Msemaji, muulize basi. Lakini neno kwa neno, maana jibu lake ndilo litaniambia kama ugonjwa uko kwenye injini au huku chini inakosukumia maji."

Nikainama. Nene akaninong'oneza, "Mwambie inalia kama mbuzi, na haiendi."

Nikasimama, nikainua fimbo. "Nene anasema: chombo kina sauti ya kutetemesha mto, ila leo kimechagua kwenda kwa staha."

"Sauti ya kutetemesha mto?" Dede akapiga makofi. "Basi injini nzima! Inazunguka vizuri, maji ndiyo hayasukumwi. Kuna kitu kimenasa chini." Kabla sijasema lolote akajitupa majini na bwelasuti yake.

Alikaa chini mpaka Teye, mpiga kafi wa mbele, akaanza kumwita. Akaibuka na fundo la magugu na kipande cha wavu wa kuvulia, amekishika juu kama kikombe cha mpira wa miguu.

"Si nilisema? Mimi sikosei! Mwambie avute mafuta."

Nene akavuta. Pikipiki ikakohoa, ikainama, ikaenda umbali wa kutema mate, ikarudia kutambaa.

Dede akaning'inia ubavuni mwa mtumbwi, maji yakimtiririka puani. "Muulize kama mlio ulipanda."

"Haukupanda!" Nene akaninong'oneza, safari hii kwa ukali. "Nimesema tangu mwanzo, kama mbuzi. Mbuzi anatetemesha mto? Wewe Narteh unatia chumvi hata penye chumvi."

"Nene anasema," nikatangaza, "mlio una unyenyekevu."

"Unyenyekevu? Si sasa hivi ulisema unatetemesha mto?"

"Mto ulitetemeka kwa heshima."

Teye alikohoa kwa muda mrefu sana, na mabega yake yalikuwa yakicheza.

"Sikiliza, Msemaji," Dede akasema, "sitaki maneno tena. Nitauliza maswali mafupi, yeye atikise kichwa tu."

"Nene hatikisii fundi kichwa."

"Basi atikise huo usinga alioshika. Kulia ndiyo, kushoto hapana."

Nikafikiri. Mila zetu zina mengi kuhusu kichwa cha Nene, mkono wa Nene na hata kivuli cha Nene, lakini kuhusu usinga hazisemi kitu. Nikakubali.

"Ukivuta mafuta kidogo, inakwenda?"

Usinga ukaenda kulia. Kule ukingoni watu, ambao walikuwa mbali wasisikie neno, wakaona Nene anawapungia. Vigelegele vikapasuka.

"Ukivuta yote, inadidimia?"

Kulia tena. Bunduki za baruti zikalia na moshi ukapanda juu ya minazi.

"Ukiachia kidogo, inafufuka?"

Kulia. Ngoma ndogo zikaanza bila ruhusa.

"Kuna harufu ya kuungua?"

Usinga ukaenda kushoto. Ukingo mzima ukanyamaza. Baadaye tuliambiwa mama mmoja aliuliza, "Tumemkosea nini?"

"Basi nimeipata!" Dede akapanda mtumbwini, akajipangusa uso. "Injini ina njaa. Mafuta hayafiki. Mipira ya mafuta ya hizi pikipiki za zamani ikizeeka inaoza ndani kwa ndani, inatoa uchafu wa kijani, unakwenda kuziba chujio la kabureta. Ukivuta kidogo, hicho kidogo kinapita. Ukivuta sana, inakabwa. Nasafisha sasa hivi. Nifungulie kiti."

Wapiga makafi wakageuza nyuso kuelekea kisiwani.

"Nini tena? Injini iko chini ya kiti. Nifungulie."

"Nene yuko juu ya kiti," nikasema.

"Namwona. Asimame."

Teye akaacha kucheka. Sisi sote tulijua jambo ambalo Dede, kwa kuzoea mno injini, alikuwa amelisahau. Nene akishakalia chombo cha kuvukia hasimami mpaka ashushwe na wazee upande wa pili. Akisimama katikati ya mto, amejiuzulu. Babu yake mzaa baba alisimama kumfukuza nyuki, na kabla ya machweo mdogo wake alikuwa amekwisha kutawazwa.

"Kwa hiyo tutakaa hapa hadi mwakani?" Dede akauliza.

"Tunaweza kumkokota," akasema Teye.

Nene akanivuta shuka. "Sikokotwi kama mbuzi wa mnada."

"Nene anashukuru kwa wazo," nikasema.

Dede akazunguka nyuma ya pikipiki, nusu yake ndani ya maji, akapapasa. Mara akaachia kicheko. "Kwani mila inasema asimame au asitoke kwenye kiti?"

"Asisimame."

"Hiki kiti kina komeo hapa nyuma. Nikilivuta, kinatoka chote. Mnyanyueni na kiti chake."

Nimekuwa msemaji miaka mingi na nimeshaombwa kusema mambo magumu, lakini sijawahi kutafuta maneno kama siku hiyo. Mwishowe nikanong'ona tu, "Wanataka kukubeba pamoja na kiti."

Nene akautazama mto, akautazama mkufu wake wenye uzito wa chungu cha ugali. "Nikianguka na vyuma hivi, nitafika chini kabla ya neno lako la kwanza."

"Nene anasema anawaamini," nikatangaza.

Makafi mawili yalipitishwa chini ya kiti, wanaume wanne wakashika ncha, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, nikajikuta nimeikumbatia fimbo yangu na kumwita marehemu mama. Kisha kiti kikainuka. Nene akapita hewani polepole, mgongo wima, usinga mkononi, akateremshwa katikati ya mtumbwi bila kusimama hata kidogo. Ukingoni walipiga kelele ambazo sijazisikia tena tangu hapo.

Dede alikuwa ameshazama kichwa ndani ya tumbo la pikipiki. Akatoa kichujio kidogo kama kifuniko cha chupa, kimejaa uteute wa kijani unaovutika kama mlenda. Akamwonyesha Nene moja kwa moja, kwa furaha, na mimi nikajifanya natazama ndege. Akakata kipande cha mpira mbovu, akaunga kingine, akapuliza bomba kwa mdomo, akameza petroli na kuitema mbele ya Nene. Kumtemea Nene mbele ni faini ya kondoo. Niliwaambia wapiga makafi kwamba yale yalikuwa mate ya baraka.

"Ngoja niijaribu kidogo," akasema. Akasimama, mguu huku na mguu huku, maana kiti hakikuwepo, akabonyeza staata.

Haikulia kama mbuzi. Ilinguruma, ikainua pua, ikaondoka naye kama imeitwa nyumbani. Nilimwona Dede akijaribu kugeuza, lakini mwanamke aliyesimama juu ya injini iliyo wazi, ameshikilia usukani kwa vidole, hageuzi vizuri. Akaenda moja kwa moja kuelekea mjini.

Wapiga ngoma walikuwa wamepewa amri moja tu: pikipiki ikifika kwenye matete, pigeni. Wakapiga. Na Nene akitua, watu wote huinamisha macho, kwa kuwa kumtazama usoni saa hiyo ni utovu wa adabu. Wakayainamisha. Katika moshi wa bunduki wazee walipapasa miguu, wakaivalisha kandambili za kifalme, wakafunika mwavuli, wakamwaga pombe ya tambiko, wakaongoza hadi kwenye kiti cha enzi. Kiongozi wa akina mama ndiye aliyeinua macho kwanza, akaona bwelasuti na uso uliopakaa oili.

Tulipofika sisi kwa kupiga kafi, hakuna ngoma iliyotupokea. Wazee walikuwa wanabishana. Mapokezi hayarudiwi siku hiyo hiyo, na maneno ya mila yanasema tu "atakayeshuka kutoka kwenye chombo". Wakaamua: mpaka jua lizame, Dede ndiye Nene.

"Lakini kuna injini ya feri inanisubiri!" Dede akalia.

Kazi yangu ni ya kiti cha enzi, si ya mtu. Nikaenda kusimama nyuma ya Dede. "Nene anasema ana majukumu mengi," nikatangaza.

Nene wa mji jirani akaja kumsalimu, na msemaji wake, na zawadi. Dede akaninong'oneza, "Mwambie boti yake inatoa moshi kama banda la kukaushia samaki, apunguze oili kwenye petroli."

"Nene anasema ameuona ukarimu wenu tangu mbali, ukipanda mbinguni."

Jirani akafurahi mno, akaongeza kondoo.

Nilidhani mtu wangu, Padi Tsagli, atakuwa amekaa mahali akilia. Wazee walikuwa wamemvua dhahabu kwa muda, wakamwacha na shuka moja, na hakuna aliyejua amekwenda wapi. Nilipopata nafasi nikamtafuta. Nikamkuta nyuma ya vibanda vya akina mama wauza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, mahali ambapo Nene hawezi kukanyaga, kwa sababu Nene hali mbele za watu. Mbele yake palikuwa na maganda ya mahindi, miiba ya samaki, na mchuzi mweusi wa pilipili umemfika hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameketi chini akicheza bao na mvuvi mmoja mzee aliyesoma naye shule.

"Cheza, Kabu," yule mvuvi alimwambia, kwa jina la utotoni. "Unafikiri kama wakili, na bado utafungwa."

Nikanyoosha fimbo, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa nimsemee.

"Narteh, kaa," akaniambia kwa sauti, bila kuinua macho. "Nakaribia kumla huyu."