Rulo Iliyoachwa Chini

Umeme ulikuwa haujarudi Bunia, kwa hiyo mashine kubwa ya kuchapia ya parokia ilikuwa imelala chini ya turubai. Ikabaki ile ndogo ya wamisionari wa zamani, ya kuzungushwa kwa mkono, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa épreuve tu: karatasi ya kwanza, ya kutafutia makosa. Kutafuta makosa ilikuwa kazi yangu. Nilitoka chuoni na diploma ya Kifaransa, lakini kila niliposimama mbele ya wanafunzi sauti ilinikauka, nikapenda kazi ambayo mtu anaifanya akiwa ameinama.

Kuzungusha mashine ilikuwa kazi ya Kamate.

Kamate aliondoka mwezi wa tano, siku risasi zilipoingia mjini. Nyumbani kwetu Saio tulikuwa tunangoja wazee wake waje kuzungumza mahari baada ya Pentekoste. Hakuniaga. Mama Hélène, anayekunja na kushona vitabu, alisikia kwa watu kwamba alionekana njia ya Komanda, ile iendayo Beni, mfuko mgongoni.

"Mutu anakimbia risasi, anabeba sac?" aliniambia tena asubuhi ile. "Ule alishapanga safari yake, mademoiselle. Weye kaa tu apa, utazeeka na wino ku vidole."

Alisema kwa kunihurumia, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tulikuwa tumeagizwa tangazo: shule za parokia zitafunguliwa Septemba, waliokimbilia Beni warudishe watoto. Padri alikuwa anaondoka kesho yake, na tangazo lingebandikwa kwenye milango ya makanisa ya kule. Nilijua nani angeweza kusimama mbele ya mlango mmojawapo. Ambacho sikukijua ni kama aliniacha kwa kutaka mwenyewe.

Muzee Adolphe, mpangaji wa herufi, alikuwa ameshafunga herufi za madini ya risasi kwenye fremu. Nilitia wino kwenye rulo, ule mche wa mviringo unaopita juu ya herufi na kuzipaka, nikazungusha. Karatasi ikatoka na utepe uliopauka, umekata ukurasa ukingo hadi ukingo, kana kwamba mtu alipitisha kitambaa. Neno "Septemba" halikusomeka.

"Rulo iko juu sana," muzee Adolphe alisema bila kuinua macho. "Shusha."

Nilikaza visi, zile skrubu za pande zote mbili, rulo ikashuka kidogo. Utepe ulibaki vilevile, na safari hii herufi nyingine zilivimba, matundu ya "a" na "e" yakajaa wino.

Mama Hélène aliichukua ile karatasi, akacheka. "Hii ni tangazo ao ni matope ya Mudzipela?"

Nikaanza upya, kama nilivyomwona Kamate akifanya. Kuna kipande cha chuma chenye kimo sawasawa na herufi. Unapitisha rulo juu yake, kisha unatazama mstari wa wino uliobaki. Uwe mwembamba kama njiti ya kibiriti, kushoto sawa na kulia. Ukiwa mpana, rulo imeshuka mno. Usipoonekana, imepanda mno. Nililegeza, nikakaza, hadi njiti zangu mbili zikafanana. Kamate alinionyesha njiti hizo kila asubuhi ya mvua, kwa sababu nyama ya rulo, lile ganda laini ambalo tulilimimina wenyewe kwa gundi na asali tangu vita vizuie mizigo, huvimba kwa unyevu. "Njoo uone, Émilienne," alikuwa akisema, nami niliinama karibu naye kuliko ilivyohitajika.

Nikachapa. Utepe ulikuwa palepale.

Basi kosa halikuwa kwenye kimo. Nilifuta wino, nikaizungusha rulo polepole chini ya kidole, macho nimefumba. Mviringo, mviringo, halafu kidole kikashuka. Upande mmoja ulikuwa bapa kwa urefu wote, kama shavu la mtu aliyelalia kitu akapitiwa na usingizi.

Rulo hupata ubapa wa namna hiyo ikiachwa imekalia herufi siku nyingi. Ndiyo maana kuna mpini pembeni, wa kuiinua kazi inapokoma.

"Muzee," nilisema, na sauti yangu ikawa ndogo. "Wakati mulifungua mulango kisha vita, mupini ulikuwa juu ao chini?"

"Chini. Rulo ilikuwa inalala juu ya masomo ya Pentekoste, wino umekauka. Ni mimi niliinua, nitoe ile fremu." Aliacha kupanga. "Kamate kuacha rulo chini! Ule mutu hata akienda choo anainuaka."

"Siye tulimuchekaka," Mama Hélène alidakia. "Ukioa, Kamate, bibi naye utamuwekea mupini?" Kisha akaniona, akashika tena sindano yake.

"Na sac yake," nilimuuliza, "ilikuwaka wapi?"

"Ku musumari. Pale ku mulango." Mkono wake ulinyooka wenyewe, kama wa mtu anayepita mbio akidaka kilicho karibu. Akautazama. "Ee, mutoto yangu."

Nilikaa chini. Mtu aliyepanga safari angeinua rulo, angeifuta, angeifunika. Kamate aliondoka katikati ya ukurasa. Sikulia. Nilitamani tu mikono ile iliyonuka mafuta ya taa.

Rulo mpya isingewahi safari ya padri. Nilitia alama ya chaki kwenye ncha yake, ili kila mara ianzie palepale, nikamwomba muzee Adolphe asogeze mistari hadi ule ubapa uangukie nafasi nyeupe, kati ya kichwa cha tangazo na maneno yake. Karatasi iliyofuata ilitoka safi, maneno yote meusi.

Chini kabisa kuna mahali pa jina la mchapaji. Nilichukua herufi ndogo kuliko zote, nikazipanga mwenyewe. Muzee Adolphe alikuja akazisoma humohumo kwenye risasi, kinyume.

"'Rulo imeinuliwa. É.'" Alinitazama. "Batu ya Beni watasikia nini apo?"

"Batu, hapana kitu," nilisema, uso ukiniwaka.

Muzee aliinama juu ya fremu. Kisha akapachika kipande chembamba cha risasi mwanzoni mwa mstari wangu, ukakaa katikati. "Ulikuwa unaenda kushoto," alisema.

Tulichapa hadi jioni, padri akapitia kuchukua. Walipotoka wote nilifuta rulo, nikavuta mpini, ikapanda, ikabaki bila kugusa kitu. Gundi na asali, ikipumzishwa, hurudia mviringo wake polepole. Kila asubuhi ninapitisha kidole.