Kiti cha Pembeni ya Dereva

Kila Jumapili baada ya ibada, Lyle Tveit alikuja na pikapu yake ya kijivu, akapiga honi nje ya nyumba iliyokuwa yake zamani, akasogea kiti cha pembeni. Kuingia ndani hakuingia. Binti yake Britta alitoka na leseni yake ya kujifunzia mfukoni, akashika usukani.

Sheria ya jimbo lao la Minnesota haina mzaha: mwenye leseni ya namna ile hagusi gari bila mtu mzima pembeni yake. Mama yake, Corinne, Jumapili yuko zamu kwenye nyumba ya wazee. Basi sheria, iliyoshindwa kumzuia Lyle asiwaache, ndiyo iliyomrudisha. Kabla ya hapo alikuwa baba wa kadi ya Krismasi. Sasa alikuwa na sauti, na harufu, na kikombe cha kahawa alichokiweka gotini bila kifuniko.

"Ikimwagika, donati unanunua wewe," alimwambia siku ya kwanza. "Na usiendeshe kama bibi kizee aliyesahau miwani."

Walizunguka barabara za changarawe katikati ya mahindi, wakapita maghala, wakarudi. Walikuwa na mchezo wao. Kila kwenye kibao cha simama, Britta alisimama kabisa, na baba akamtegea kitendawili. Hakuna kuondoka mpaka ajibu. Siku nyingine gari la nyuma liliwapigia honi, nao wanacheka tu. Britta alivipenda vibao vile kuliko barabara yenyewe.

Mahindi yalipokauka, baba akasema umekwiva, twende ukatahiniwe. Britta akakosa usingizi, si kwa woga wa mtihani. Akishapata leseni, nani atahitajika kwenye kile kiti?

Mtahini alikuwa mama mmoja mkavu mwenye koti la sufu. Britta alipaki vizuri, akarudi nyuma vizuri, indiketa zote kwa wakati wake. Walipofika kwenye kibao cha simama nyuma ya mahakama, aliondoa mguu kwenye breki, akapita taratibu kama hakukiona.

"Binti, ile ilikuwa simama," mama yule alisema. "Hapo hapo umefeli."

"Najua," Britta akajibu.

Alimkuta baba yake kwenye benchi la korido, akainamisha uso ili furaha isionekane. Moyoni alikuwa anahesabu Jumapili zinazokuja. Lyle hakumkaripia. Alichukua funguo, akaendesha mwenyewe mpaka nje ya mji. Kisha akaeleza, macho barabarani, kwamba amepata kazi mji wa Phoenix, mbali sana, kwamba Jolene, mwanamke anayeishi naye sasa, ametangulia kutafuta nyumba, kwamba yeye alikuwa anangoja mtihani huu tu.

"Nilitaka nikuachie hii pikapu, mwanangu. Mimi ningepanda basi. Lakini sasa utaifanyia nini, na leseni huna? Acha niende nayo."

Walikuwa wamefika kwenye kibao cha simama cha kwao, chenye kutu pembeni. Lyle alisimama. Hakutega kitu.

"Kitendawili," Britta akasema.

"Tega," akajibu kwa mazoea.

"Kiti gani, mtu akikikalia ndiyo unaweza kwenda, na akiondoka ndiyo watu wanakupongeza?"

Lyle alifikiri, akakuna kidevu. "Umeniweza. Sijui."

"Haya, nipe mji."

Baba akacheka, kicheko kile kile kizuri. "Chukua Phoenix."

Britta alitazama mashamba yaliyovunwa. "Mji huo siutaki," akasema, na jibu hakumpa. Lyle akakanyaga mafuta. Hakuuliza tena.

Theluji ilipoyeyuka Britta alifaulu kwa gari dogo la mama yake. Mtahini yule yule alimpa mkono, na kanisani wakampigia makofi. Jumapili ile Corinne alisindikizwa zamu na mwenzake, akamwachia binti gari. Britta alinunua kahawa asiyoinywa, akaiweka bila kifuniko kwenye kiti cha pembeni, akaenda mpaka kwenye kibao chenye kutu, akasimama kabisa.

Alikaa pale mpaka gari la nyuma likapiga honi. Akashtuka, akaondoka kwa kishindo, na kahawa yote ikamwagika kitini.