Nyati Mwenye Jicho la Mama Mkwe

Malori ya mbele yalikuwa yameshaanza kushuka mteremko, na Brashi, mpaka rangi wao, bado anakimbia ubavuni mwa lori la mwisho, kitambaa cha mafuta ya taa mkononi, akimfuta korongo aliyechorwa pale. Lori lilipoongeza mwendo, korongo alikuwa amebaki shingo tu. Brashi akadaka ubao wa nyuma, wenzake wakamvuta ndani kama gunia.

"Umemchinja vizuri," mmoja akamwambia. "Supu lini?"

Wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakukaa.

Korongo alikuwa alama ya divisheni yao, maelfu ya askari wa miguu wenye ndege mmoja begani. Walikuwa wameshavuka mito miwili chini ya risasi, hata adui akajifunza: akionekana korongo, jaza watu mtoni. Basi wakubwa wakatoa amri. Korongo afutwe kwenye malori, mabegani na kwenye vibao vya njia panda, apakwe nyati, alama ya divisheni nyingine iliyojulikana kwa kulinda maghala. Adui akiona nyati wanapita mchana kweupe, aseme hao wanapeleka unga, ajilalie.

Hila nzuri, ila Brashi alikuwa na mdogo wake hospitali.

Waliondoka nyumbani pamoja, na mama yao hakuwa na maneno mengi: "Mnatoka wawili, mrudi wawili." Homa ilipomlaza mdogo, Brashi alimwinamia kitandani akamnong'oneza, "Ukipata nafuu usingoje kupangiwa. Watakutupa divisheni yoyote, tupotezane. Toka, fuata korongo. Kila njia panda utamkuta." Sasa korongo alikuwa anafutwa na mkono uleule ulioahidi. Na askari anayezurura nyuma ya vita bila kujua wenzake wako wapi, polisi wa jeshi hawamwiti mgonjwa. Wanamwita mtoro. Watoro walikuwa wanapigwa risasi.

Kwenye njia panda ya kwanza, sajini meja, ambaye wote walimwita Msumari, alimkabidhi bati lililotobolewa umbo la nyati. "Bandika, paka, ondoka. Usinifanyie usanii."

Brashi akapaka. Nyati akatoka mweusi, mnene, hana jicho. Kibao cha pili vilevile. Kufika cha tatu, barabara ikagawanyika njia tatu, na mkono ukamgomea. Aliiona miguu ya mdogo wake imesimama pale, haijui iende wapi.

Baba yao alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, akawafundisha wote wawili. Mdogo hakuacha kumcheka kaka yake: "Mbuzi wako, kuku wako, hata samaki wako, wote wana jicho la mama mkwe aliyemwona mkwe anaongeza nyama." Ni kweli. Kope imeshuka nusu, mboni imekimbilia pembeni.

Brashi akachovya ncha ya brashi kwenye rangi nyeupe. Akaishusha kope, akaipeleka mboni upande wa barabara waliyokuwa wanaifuata. Kisha akamwambia dereva, "Turudi kidogo. Nimesahau kopo kule nyuma."

"Kopo lipi? Hilo ulilolikalia?"

"Hilohilo."

Dereva akamtazama, akageuza lori. Nyati wawili wa nyuma nao wakapata jicho.

Walipofika kwenye vichaka vya karibu na mto, raha ikamtoka kabisa. Vumbi likitimka barabarani, anasimama. Ndege ya adui ikizunguka juu, anasimama pia, maana jicho alilomwekea mtu mmoja, adui naye angeweza kulisoma. Chakula alikila akitembea.

"Kaa chini," Msumari alimwambia. "Una siafu kwenye suruali?"

Siku ya nne, mchana, watu wakiwa na sahani mikononi, mdogo akatokea. Amekonda, shati linaning'inia kama lililoanikwa.

"Kaka," akaita toka mbali, "mama mkwe wako kanisumbua njia nzima. Nikitaka kupumzika, ananitazama. Nikikosea njia, ananitazama."

Brashi alimkumbatia ili amzibe mdomo. Alichelewa.

"Mama mkwe yupi?" akauliza Msumari.

Na yule mdogo, kwa furaha ya kufika, akaeleza yote.

Msumari akaweka sahani chini taratibu. "Kwa hiyo mgonjwa wa homa ametufuata hadi mtoni kwa kusoma jicho. Adui ana macho mangapi?"

"Ni mimi, afande," Brashi akasema. "Yeye hakuijua amri."

"Nikikupeleka kwa wakubwa, jioni hii umekufa. Mimi napungukiwa mtu, na mto uko palepale." Msumari akamtazama mdogo, kisha kaka. "Kuna nafasi boti ya kwanza, pembeni yangu. Utashika kasia, brashi iache hapa."

"Niende mimi, afande," mdogo akasema.

"Wewe hata sahani tupu inakutetemesha. Chukua kopo jeusi, panda na dereva, ukayafumbe hayo macho yote."

Ndugu wale hawakupata muda hata wa kukaa. Brashi alimfunga mdogo wake kamba za kiatu, kwa kuwa akiinama anaona kizunguzungu.

"Mama alisema wawili," mdogo akasema.

"Basi wahi kurudi. Na usimwage rangi, si ya baba yako."

Divisheni ilivuka alfajiri. Ng'ambo walikutwa askari wachache, wengi wao wamelala. Boti ya kwanza ndiyo iliyowaamsha. Ilifika na nusu ya watu, na Brashi hakuwamo. Msumari alipoteza vidole vitatu, na baada ya vita alifungua duka la misumari, akazoea kutaniwa. Lori la dereva lilikanyaga bomu mwaka uliofuata. Divisheni ilivunjwa, watu wakagawanywa, korongo akapewa kikosi cha tarumbeta. Walioandika habari za vita walisema mto ule ulivukwa na Nyati, kwa kuwa ndivyo malori yanavyoonekana pichani, na Nyati wenyewe hawajakanusha. Mdogo aliyafumba macho yote. Alirudi nyumbani peke yake. Mama alimfungulia, akaangalia nyuma yake, akaacha mlango wazi hadi jioni. Sasa mdogo anachora vibao vya maduka. Wanyama hachori.