Maziwa Yalikuwepo

Patroba alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ulikuwa chai. Pale Lurambi watu hutia maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, wakachemsha mpaka povu lipande, na hakuna aliyewahi kulalamika. Yeye alisema huko ni kupika uji. Majani yake, marefu yaliyojikunja, yalitoka kwa rafiki yake wa Nandi, na aliyafungia kabatini kama hati ya shamba. Hata mkewe Teresa hakuruhusiwa kuyagusa.

Teresa aliyavumilia hayo miaka yote. Siku hiyo alishindwa, kwa sababu mgeni alikuwa Sylvanus, kaka mkubwa wa Patroba, ambaye hakuwa ameukanyaga ua wao tangu ndugu hao wagombanie mpaka wa shamba. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa Christine, binti yao wa pekee. Siku kama hiyo baba wa msichana hajisemei, husemewa na kaka yake. Sylvanus asipoketi, posa haipo. Teresa alikuwa amembembeleza mpaka akakubali kuja, tena kusikiliza tu.

Basi Patroba akaamua kumpa heshima ambayo hajawahi kumpa mtu. Akasuuza birika kwa maji moto, akatia majani yake, akamimina maji yaliyotoka motoni papo hapo, akafunika kwa taulo na kungoja majani yaive. Harufu ikajaa sebuleni. Teresa mwenyewe, pamoja na wasiwasi wake, alikiri moyoni kwamba ilikuwa nzuri. Hata hivyo akamvuta mumewe kando, akamnong'oneza atie maziwa. Jagi lilikuwa limejaa jikoni, ng'ombe kakamwa asubuhi. Patroba akamtazama kana kwamba amemwambia atie chumvi.

Chai ikamiminwa, nyekundu, angavu, hata kitako cha kikombe kikaonekana. Sylvanus hakuigusa.

"Kwa hii boma maziwa imeisha?"

Teresa akainuka kulifuata jagi. Patroba akamzuia kwa mkono, akaanza kufundisha: kwamba maziwa ni ya kuficha majani mabaya, kwamba wengi hapa wamezeeka bila kuonja chai. Alisema kwa upendo, ila aliyelijua hilo ni Teresa peke yake. Sylvanus alichosikia ni kuitwa mshamba katika nyumba ya mdogo wake.

"Strungi kama hii tunapeananga matanga, maziwa ikiisha," akasema polepole. "Mimi bado sijakufa. Asante, shemeji."

Akachukua kofia yake. Teresa akamfuata mpaka barabarani, jagi mkononi, maziwa yakimwagikia leso yake, akimsihi amhurumie mtoto. Sylvanus akapanda boda boda wala hakugeuka.

Teresa aliporudi alimkuta Christine mlangoni, ndiyo kwanza anafika kutoka mjini. Msichana akauliza kama baba mkubwa amekubali. Teresa akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamchukia. Patroba alikuwa amekimaliza kikombe chake na sasa anakunywa kile cha kaka yake, macho kayafumba nusu kwa utamu.

"Huyo hajui chai," akasema, kisha akamwambia binti yake alete kikombe kabla haijapoa.